Shinji Somai, aliyewatazama watoto kwa mbali

Ijumaa na Jumamosi mimi huwa matangani. Nina kijiduka cha picha hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye, na siku za wiki napiga picha za pasipoti na kutoa kopi. Lakini pesa ya kodi hutoka Vihiga, Siaya, Butere, mara nyingine hadi Busia, kwenye vile vijiji ambako mwili hutolewa mochari Ijumaa, ukalala nyumbani usiku mmoja na kuzikwa Jumamosi mchana. Mimi na kijana anayenisaidia tunafika na kamera mbili, furushi la nyaya, na simu ya kuwarushia matangazo moja kwa moja ndugu walio Marekani na Qatar.

Wanaonilipa huniagiza jambo lile lile: leta uso karibu. Mjane akilia, karibu. Watoto wakipitishwa kuuona mwili, karibu zaidi. Nimelitii agizo hilo kwa miaka tisa. Mwaka juzi, kule Emuhaya, palikuwa na mvulana wa kama miaka kumi amesimama kando ya jeneza la baba yake. Halii. Anamtazama inzi aliyetua juu ya kile kioo kidogo cha jeneza. Nikavuta lenzi mpaka uso wake ukajaa, nikasubiri alie. Nilisubiri kweli, kidole kikiwa tayari, kama mtu anayengoja samaki auvute uzi. Mtoto akainua macho akanitazama, mimi, si kamera. Kisha akaenda zake nyuma ya nyumba.

Sikumwambia mtu. Lakini tangu siku hiyo kila nilipomsogezea mtoto lenzi mkono wangu ulikuwa mzito.

Krismasi iliyofuata binamu yangu aliyesomea filamu Nairobi alikuja nyumbani na diski imejaa sinema. Nilipomsimulia habari ya yule mtoto, hakunishauri chochote. Alisema tu, “Ndugu yangu, kaa hapa,” akafungua laptopu. Ndivyo nilivyokutana na Shinji Somai, mwongozaji wa Japani aliyefariki mwaka 2001, na tangu hapo nimetazama kila filamu yake niliyoweza kuipata. Najua wengi wanaosoma hapa hawajawahi kulisikia jina lake. Naandika kwa sababu hiyo.

Filamu ya kwanza tuliyoitazama usiku ule ni ya mwaka 1994, Natsu no Niwa, yaani Bustani ya Majira ya Joto. Wavulana watatu wa darasa la mwisho la msingi, katika mji wa Kobe. Mmoja amehudhuria mazishi ya nyanya yake, na wote watatu wanashikwa na swali moja: maiti inafananaje? Basi wanamchagua mzee mmoja wa jirani anayeishi peke yake kwenye nyumba inayobomoka, ua umejaa magugu, wanaanza kumvizia wakisubiri afe. Mzee anagundua. Anakasirika. Halafu, kwa sababu sasa kuna watu wanaomtazama, anaanza kupata nguvu. Mwishowe watoto wanang’oa magugu, wanatengeneza nyumba, wanapanda maua uani. Mzee amechezwa na Rentaro Mikuni, mwigizaji mkubwa wa kwao, na anaigiza kama mtu ambaye hajazungumza na yeyote kwa miaka mingi na sauti yenyewe imeota kutu.

Nilicheka mwanzoni, kisha nikanyamaza. Kwetu hakuna mtoto anayehitaji kuvizia mzee ili aone maiti. Mimi nilimwona kuka wangu, yaani babu, nikiwa na miaka mitano. Baba mdogo alininyanyua kwa makwapa nikatazama, akanishusha, foleni ikaendelea. Nakumbuka pamba puani na harufu ya varnishi mbichi. Nakumbuka pia kwamba hakuna aliyeniuliza nimeona nini. Watoto wa Kobe wananyimwa kuona, wetu wanaonyeshwa kisha wanafukuzwa wakacheze, na swali linabaki lile lile kwa wote. Somai aliwapa watatu wale muda wa majira mazima ya joto kuliuliza.

Na jinsi alivyowapiga picha! Hawafuati kwa uso. Kamera yake inakaa nyuma, ng’ambo ya barabara, juu ya ukuta, na watoto wanaonekana wazima, miguu, viatu, mabegi, wakikimbia toka mwisho mmoja wa picha hadi mwingine. Shoti moja inakwenda, inakwenda, haikatwi. Baada ya muda unawajua kwa mwendo. Mmoja mnene, mmoja mwenye miwani, mmoja mwenye kutembea kama anatafuta kitu chini. Ndivyo tunavyowajua watoto wetu wenyewe, wanapotoka shule wakiwa bado mbali barabarani: hatuoni sura, tunaona mwendo, tunasema wangu ni yule.

Somai alizaliwa Morioka, kaskazini mwa Japani, Januari 1948, akakulia Hokkaido, kisiwa cha baridi kali. Aliingia chuo kikuu kimoja cha Tokyo, jina lake hasa ni Chuo, hakumaliza. Mwaka 1972 aliajiriwa Nikkatsu kama msaidizi wa waongozaji. Nikkatsu ilikuwa kampuni kongwe ya sinema, lakini wakati huo televisheni ilikuwa imewanyang’anya watazamaji, na ili isife ikageukia filamu za watu wazima, zile za kutengenezwa haraka kwa pesa kidogo. Huko ndiko alikojifunza kazi. Naheshimu jambo hilo. Watu wengi wa kamera ninaowajua hapa Kisumu walijifunzia kazi mahali wasipopataja mbele ya wazazi.

Baada ya miaka michache akaacha ajira, akawa msaidizi wa kujitegemea, na mwaka 1980 akapewa filamu yake ya kwanza, ya vijana wawili wa shule ya upili wanaojikuta wakiishi nyumba moja. Binti aliyeigiza ni Hiroko Yakushimaru. Mwaka uliofuata wakafanya pamoja Sērā-fuku to Kikanjū, maana yake sare ya shule na bunduki ya rashasha, na hiyo ikajaza kumbi nchi nzima. Msichana wa sekondari anafiwa na baba, kisha anaambiwa amerithi uongozi wa genge dogo la wahuni wa yakuza, wanaume wanne tu waliobaki. Kisa hakiaminiki, na Somai hakujisumbua kukifanya kiaminike. Alichokitazama ni msichana aliyeachwa peke yake akijaribu kusimama wima. Shoti ya mwisho ndiyo ninayoipenda: binti yuko katikati ya jiji, amevaa sare yake ya shule na viatu vyekundu vya kisigino, anacheza na watoto mchezo wa kupigana risasi, na kamera iko mbali kabisa, wapita njia wanageuka kumshangaa. Hajui tena kama ni mtoto ama mtu mzima, na hakuna anayemharakisha aamue.

Mmoja wa wasaidizi kwenye filamu hiyo alikuwa Kiyoshi Kurosawa, ambaye baadaye naye amekuwa mwongozaji wa kujulikana duniani. Mwaka 1982 waongozaji tisa, Somai na Kurosawa wakiwemo, waliungana wakaanzisha kampuni yao wenyewe, Directors Company, ili wasiombe ruhusa studio kubwa. Ilidumu miaka kumi. Mwaka 1983 Somai alitoa filamu mbili: moja ya vijana watatu wanaomtafuta mwenzao aliyetekwa nyara, inayofunguka kwa shoti ndefu ajabu, na nyingine, Gyoei no Mure, ya wavuvi wa samaki wakubwa wa jodari kule Ōma, ncha ya kaskazini ya kisiwa kikuu. Hiyo ya wavuvi si ya vijana, lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, alfajiri akitazama mashua zikirudi, wanawake wakisubiri na beseni ufuoni, ataitambua. Ile namna mwanamume anavyoutazama mkono wake uliochanwa na uzi kabla ya kumtazama mkewe.

Mwaka 1985 ulikuwa wa ajabu kwake. Filamu tatu kwa mwaka mmoja, na mojawapo ni Taifū Kurabu.

Nilipolisikia jina hilo masikio yangu yalisikia tufani, na ndivyo lilivyo: taifū kwa Kijapani ni ile dhoruba kubwa ya baharini, na jina zima ni Klabu ya Tufani. Wanafunzi wa shule ya kati, mji mdogo wa mashambani, kuanzia Alhamisi hadi Jumatatu. Tufani inakuja. Walimu wanaondoka, wanafunzi wachache wanabaki wamefungiwa ndani ya shule usiku, na mmoja, msichana anayeitwa Rie, hayupo kwa sababu ametoroka kwenda Tokyo peke yake. Hilo tu. Hakuna kinachoelezwa. Wanacheza dansi, wanagombana, wanatoka nje kwenye mvua wakiimba na kurukaruka matopeni.

Naijua mvua ile. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa upande wa Luanda. Mvua yetu haina haja ya jina. Inakuja saa tisa mchana kutoka upande wa ziwa, na ikishapiga mabati mwalimu anafunga kitabu kwa sababu hata akipiga kelele hasikiki. Siku moja ilinyesha mpaka giza likaingia. Mto ulikuwa umefunika daraja la miti, na sisi wa ng’ambo, kama kumi na wanane, tukabaki darasani bila stima na bila mwalimu. Saa ya kwanza tuliimba. Saa ya pili watu walipanda juu ya madawati wakacheza. Kisha mvulana mmoja mpole sana, asiyewahi kugombana na mtu, akaanza kuvunja chaki moja moja, boksi zima, kimya, na msichana mmoja akalia bila sababu, na wengine tukacheka, na hadi leo sijui kwa nini tulicheka. Asubuhi wazazi walikuja kutuchukua. Hakuna aliyelitaja tena. Nilidhani jambo hilo halina jina wala haliwezi kusimuliwa, mpaka nilipomwona Mjapani mmoja amelipiga picha miaka arobaini iliyopita, mbali na hapa, na hakuongeza hata neno moja la maelezo.

Kuna sehemu kijana mmoja, Mikami, anampigia simu mwalimu wao. Mwalimu amelewa nyumbani. Anamwambia kijana kwamba baada ya miaka kumi na mitano naye atakuwa vivyo hivyo. Mikami anamjibu kwamba yeye hatakuwa kama yeye kamwe. Nimefika umri wa mwalimu yule. Niliisimamisha filamu hapo, nikatoka nje nikasimama kwa mama muuza mahindi kwa muda.

Filamu hiyo ilishinda tuzo kuu ya vijana kwenye tamasha la kwanza kabisa la filamu la Tokyo, mwaka huo huo wa 1985, Bernardo Bertolucci wa Italia akiwa mmoja wa waamuzi.

Lakini sitamwonyesha mwanafunzi filamu ile, na nasema hivyo nikiipenda. Kuna kijana anayemfukuza msichana ndani ya shule akivunja mlango, na kuna mwisho ambao mtoto mwenye huzuni hapaswi kuutazama akiwa peke yake. Pia nina ugomvi na Somai mwenyewe. Waliofanya kazi naye wamesimulia kwamba alikuwa mkali, kwamba aliwarudishia waigizaji zoezi lile lile tena na tena bila kuwaambia kosa ni lipi, watoto pia. Wapo waliosema baadaye kwamba ndivyo walivyojifunza kutomwigizia mtu. Pengine. Mimi siwezi kumfanyia mtoto wa watu hivyo, na sidhani uzuri wa shoti unalipa deni hilo. Ninachokichukua kwake ni mahali alipoisimamisha kamera. Ukali namwachia.

Miaka ya kati naipita haraka. Alifanya filamu mwaka 1987 na nyingine 1990, zote zina mambo ya kutazama, wala sitamzuia mtu kuzitafuta. Ila moyo wangu uko kwa ile ya 1993, Ohikkoshi. Neno hilo maana yake kuhama nyumba.

Msichana wa darasa la sita, Renko, wa Kyoto. Wazazi wanatengana. Filamu inafunguka familia ikila chakula kwenye meza ya pembetatu, kila mtu na upande wake, na unaona mara moja kwamba meza ile ikiondokewa na mmoja haiwezi kuitwa meza tena. Baba anahama. Mama anaandika kanuni za maisha mapya ya watu wawili, anazibandika ukutani. Renko anajifungia bafuni. Anawasha moto maabara ya shule. Anawakatia wazazi tiketi kwa kadi ya benki ili wote watatu warudi Ziwa Biwa walikowahi kwenda wakiwa na furaha. Aliyemwigiza, Tomoko Tabata, hakuwa amewahi kuigiza filamu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mama yangu alipopakia godoro, jiko na sisi watoto wawili kwenye pikapu tukaja Kisumu. Baba alisaidia kufunga kamba. Alikaza fundo vizuri sana, akalijaribu mara mbili. Sijawahi kujua niliweke wapi jambo hilo, kwamba mtu anaweza kukaza vizuri hivyo kamba ya kukuondoa.

Kule Biwa, Renko anatoroka usiku. Kuna sherehe ya moto. Anapita katikati ya watu, kisha msituni, peke yake, saa nyingi, na kamera inamfuata pole pole bila kumkaribia, kama mzazi anayemlinda mtoto asijue analindwa. Alfajiri anafika ufuoni. Ndani ya maji anamwona yeye mwenyewe wa zamani pamoja na wazazi wake wakicheza. Wazazi wanatoweka. Renko anaingia majini, anamkumbatia yule mtoto mdogo aliyekuwa yeye, kisha anapunga mikono akipiga kelele: “Omedetō gozaimasu!” Tena na tena. Maana yake hongera. Hongera kwa nani? Kwa yule mtoto aliyekuwa, naona, kwa kufika mpaka hapo. Biwa ndilo ziwa kubwa kuliko yote Japani, kilomita za mraba kama 670, dogo sana mbele ya letu, lakini asubuhi ile kwenye ule ukungu halina mwisho. Siku ya pili nilienda Dunga saa kumi na mbili asubuhi, nikasimama tu.

Ohikkoshi ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1993. Mwaka 1998 Somai alifanya Ā, Haru, iliyopata tuzo ya wahakiki kule Berlin mwaka uliofuata, na ya mwisho ikawa Kaza-hana, ya watu wazima wawili waliochoka wakisafiri Hokkaido, kule kule alikokulia. Tarehe 9 Septemba 2001 akafa kwa saratani ya mapafu. Alikuwa na miaka 53 na filamu 13. Nje ya Japani walimchelewesha sana. Ohikkoshi iliposafishwa upya ilishinda tuzo ya filamu bora iliyohifadhiwa kule Venice mwaka 2023, yeye akiwa kaburini miaka ishirini na miwili.

Agosti iliyopita niliitwa kwenye mazishi ya mzee aliyewahi kufanya kazi ya reli, boma lake haliko mbali na njia ya Butere. Kamera ya kwanza nilimpa kijana wangu akae mbele na wazungumzaji. Ya pili niliipeleka nyuma kabisa, chini ya mparachichi, nikaiweka kwenye stendi, nikafungua lenzi pana, nikaiacha. Mbele yake palikuwa na jikoni la nje, sufuria, kuni, mipera miwili, na watoto. Hotuba zilikuwa ndefu. Watoto walichota maji wakamwaga nusu njiani. Walipanda mpera. Walichimba shimo dogo kwa kijiti, wakafukia gunzi la mahindi, mmoja akasimama mbele ya wengine akahubiri kwa mikono yake yote miwili, wengine wakasimama kimya wameinamisha vichwa. Kisha wakalifukua gunzi, wakalifukia upya kwa sababu mhubiri mwingine alikuwa anataka zamu. Dakika kumi na moja, bila kukata.

Niliiweka yote kwenye kazi niliyowapelekea. Binti wa marehemu, aliyenilipa, alinipigia simu akiuliza kwa nini kuna sehemu haina chochote, na ana haki ya kuuliza, pesa ni yake. Nikamwambia nitaitoa nikija na nakala ya pili.

Nilipofika, kukhu, mjane wa mzee, alikuwa mbele ya televisheni na watu wa nyumbani, na wamefika hapo hapo. Binti akataka kuisogeza mbele. Kukhu akainua mkono.

“Wacha,” akasema. “Hawa ndio walikuwa wanamwibia mapera.”

Akasogeza kiti. Akaanza kuwataja mmoja mmoja kwa kidole, huyu wa fundi, huyu wa kanisani, hawa wawili ni wa marehemu dada yako, yule anayehubiri ni mjukuu wa jirani, tazama anavyotupa mikono. Picha ilikuwa mbali, sura hazionekani vizuri, lakini hakukosea. Alibakiza mmoja tu, msichana mwenye sweta ya kijani, aliyekuwa ameshika kijiti cha kuchimbia na hakuwa amekiachilia tangu mwanzo.

“Na huyu?” akaniuliza.

Nikamwambia simjui, kukhu. Akamwambia binti arudishe nyuma.